Herufi A tatu: kisa cha baba, kadi ya damu na mtoto mwenye selimundu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kituo cha afya mashariki mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Kenya, ambako mimi ni muuguzi na mshauri nasaha. Majina, ukoo, mwaka na jina la kituo nimeviondoa, na mambo machache yasiyogusa somo lenyewe nimeyageuza ili watu wasitambulike. Baba nitamwita Baba Salama, mama nitamwita Mama Salama, na mtoto wao wa tatu nitamwita Juma.

Nawaandikia wauguzi wenzangu na walimu wa baiolojia. Nyumba hii ilikaribia kuvunjika kwa sababu ya maneno ambayo sisi huyafundisha nusu saa ubaoni kisha tukayafuta: DNA, kromosomu, jeni, aleli. Mtu wa kwanza kuyavuruga katika kisa hiki nilikuwa mimi.

Usuli

Baba Salama ni dereva wa lori, njia yake ni Malaba, mpakani mwa Kenya, hadi Kampala. Mkewe anauza mukene, yaani dagaa, sokoni. Kabla ya Juma walikuwa na msichana wa miaka 9 na mvulana wa miaka 6, wote wazima.

Juma naye alikuwa mzima hadi karibu miezi minane. Asubuhi moja mama aliamka akakuta viganja na nyayo za mtoto zimevimba, ngozi inang'aa, mtoto hataki kuguswa. Duka la dawa likampa dawa ya maumivu. Uvimbe ukaisha, ukarudi. Baadaye akalazwa mara mbili kwa malaria na upungufu wa damu. Mara ya pili tabibu wa zamu akaona macho ya manjano na bandama iliyokua, akaagiza kipimo cha himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Sampuli ilichukuliwa kabla mtoto hajaongezewa damu, na kwa hilo namshukuru tabibu yule hadi leo. Seli nyekundu huishi takriban siku 120. Tungepima baada ya kumwongezea, maabara ingesoma damu ya mchangiaji pamoja na ya Juma, nasi tungebaki gizani kwa miezi mitatu au minne.

Majibu yakaja: SS, yaani S mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Selimundu, au nalubiri kama wanavyosema Waganda.

Si ugonjwa wa nadra kwetu. Utafiti wa nchi nzima uliochapishwa 2016, uliopima sampuli za damu za watoto wachanga zaidi ya 97,000, ulikuta asilimia 13.3 wanabeba aleli (toleo la jeni) moja ya S na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Mashariki tupo miongoni mwa maeneo yenye wabebaji wengi. Kwa hiyo katika kila darasa la watoto arobaini wa Uganda, tegemea kukuta watano hivi wanaoibeba S bila mtu yeyote kujua.

Mambo yalivyokwenda

Siku ya majibu Mama Salama alikuja peke yake, Juma mgongoni. Nilimweleza kwa maneno niliyoyazoea: "Mama, mtoto ana jeni ya selimundu. Imetoka kwako na kwa baba yake." Nikamwandikia dawa: penisilini ya kila siku, foliki asidi, kinga ya malaria. Nikampa tarehe ya kurudi. Nilijiona nimefanya kazi yangu.

Jioni alimpigia mumewe, aliyekuwa kwenye foleni ya malori Malaba. Baada ya siku nne mume akaja kituoni, bado ana vumbi la safari, akatoa pochi, akatoa kadi ya mchangia damu iliyokunjwa mara nyingi hadi ukingo wake umekuwa laini kama kitambaa. Akaiweka mezani kwangu, akaigonga kwa kidole, akaniita musawo, yaani mhudumu wa afya.

"Musawo, soma hapa. Mimi ni A. Na nimeuliza. Mwenye AA hazai mtoto wa SS. Sasa nieleze huyu mtoto ni wa nani."

Sentensi aliyoambiwa mtaani ni ya kweli kabisa. Mtu ambaye himoglobini yake ni AA hana S ya kumrithisha mwanawe. Ila kadi ile haikusema AA. Ilisema A chanya, yaani kundi la damu. Herufi ni moja, mambo ni mawili, na mimi nilikuwa na watu kumi na saba nje kwenye benchi. Nilimjibu kwa haraka: "Hiyo ni A nyingine." Kwake yeye nilikuwa nakwepa swali.

Alipofika nyumbani mama yake mzazi akaongeza lake: kwenye ukoo wao nalubiri haijawahi kuonekana, basi imetoka kwa mke. Uganda wakati ule gumzo la vipimo vya DNA vya ubaba lilikuwa halijapoa. Tangu 2023 redio na mitandao vilikuwa vimejaa habari za wanaume wanaotaka kuwapima watoto wao. Baba Salama akasema atampeleka Juma Kampala apimwe. Akaondoka na lori, hakurudi wiki tatu, wala hakutuma pesa. Penisilini ikaisha. Mama Salama hakuja kuchukua nyingine kwa sababu, kama alivyoniambia baadaye, aliona aibu kupita mbele ya watu ambao tayari walikuwa na habari zake. Juma akarudi kwetu kwenye boda usiku wa manane, analia kilio kile cha maumivu ya mifupa ambacho muuguzi akishakisikia mara moja hakimtoki.

Uamuzi tuliofanya, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutozungumzia uaminifu wa mtu yeyote. Mimi si mahakama, na kila neno la kumtetea mke lingesikika kama njama. Tulichoweza kukizungumzia ni herufi.

Wa pili: kuwapima wazazi wote wawili himoglobini kwa elektroforesisi, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini, si kile kipimo cha haraka cha kuona kama seli zinajikunja. Kipimo cha haraka hujibu kama S ipo au haipo. Hakitenganishi AS na SS. Kila mmoja aliombwa ridhaa akiwa peke yake, na kila mmoja aliambiwa majibu yake kwanza. Kusomewa pamoja ilikuwa hiari yao. Nilisisitiza hili kwa sababu majibu ya namna hii yanaweza kufichua mambo, na mshauri asiyelifikiria kabla anacheza na maisha ya watu.

Wa tatu ulikuwa mgumu zaidi kwangu: kuanza maelezo upya, kwa mpangilio, na kwa lugha ya kazi ya Baba Salama. Alikubali kuja siku ya Jumapili ambayo foleni yangu ni fupi. Nayaandika mazungumzo yale kwa kirefu maana ndiyo kiini cha kisa.

Nilimuuliza njia yake ikoje. Akaniorodheshea: Malaba, Tororo, Bugiri, Iganga, Jinja, Kampala. Nikamwambia ndani ya karibu kila seli ya mwili wake mna barabara 46, na kila barabara inaitwa kromosomu. Ukichukua barabara moja ukaichimba, ilichojengwa nacho toka mwanzo hadi mwisho ni DNA. Kokoto zake ni za aina nne tu, tunaziandika A, T, G na C, na mpangilio wa kokoto hizo ndio ujumbe. DNA yote ya seli moja ukiinyoosha inafika kama mita mbili.

"Na jeni?"

"Jeni ni kipande cha barabara chenye mwanzo, mwisho na kazi yake. Bugiri hadi Iganga, tuseme. Si barabara nzima, wala si kitu kilichopachikwa juu yake. Ni kipande cha barabara hiyohiyo."

Nikachora mistari miwili mirefu kwenye karatasi, nikaiandika 11. Nikamweleza kwamba barabara namba 11 anazo mbili, moja ameachiwa na baba yake, nyingine na mama yake, na vivyo hivyo kwa namba nyingine: jozi 23. Kromosomu ya 11 ina kokoto kama milioni 135. Karibu na ncha yake moja kuna kipande kifupi, kokoto 1,600 hivi, chenye maagizo ya kutengeneza sehemu ya himoglobini. Hiyo ndiyo jeni ya beta-globini. "Unayo wewe, anayo mkeo, ninayo mimi, anayo mama yako. Karibu hakuna mtu, mzima wala mgonjwa, aliyezaliwa bila jeni hiyo."

Hapo alinikatiza. "Lakini wewe ulimwambia mke wangu mtoto ana jeni ya selimundu."

Nilikiri mbele yake kwamba nilikosea kusema hivyo. Karibu kila mtu anayo jeni ile. Tunachotofautiana ni toleo lake, na toleo ndilo linaitwa aleli. Toleo moja limeandikwa GAG mahali fulani. Toleo jingine, palepale, limeandikwa GTG. Kokoto moja imebadilika. Kwa badiliko hilo asidi amino ya sita ya protini inakuwa valini badala ya asidi glutamiki, na himoglobini ya namna hiyo ikipungukiwa oksijeni hushikamana, seli ikajipinda kama mundu. Toleo la kwanza tunaliita A, la pili S. Mwenye barabara mbili za 11 zote zina A ni AA. Mwenye moja ya A na moja ya S ni AS, mzima wa afya. Mwenye S kwenye zote mbili ni SS.

Kisha nikachora mistari miwili mingine, nikaiandika 9. "Kadi yako iko huku." Jeni ya kundi la damu la ABO ipo kwenye kromosomu ya 9, na aleli zake zinaitwa A, B na O. Hiyo A ya kadi inakuambia kipande cha barabara namba 9 kikoje. Haisemi lolote kuhusu namba 11. Tena haisemi hata kama ana A mbili: mwenye A na O naye huandikiwa A kwenye kadi, kwa sababu O hujificha nyuma ya A. Ile alama ya chanya nayo imetoka kwenye jeni nyingine kabisa, iliyoko kromosomu ya 1.

Alikaa kimya, akairudisha kadi karibu na macho. Akasema polepole, "Kwa hiyo ni kama kusema nimepita Jinja salama, basi Tororo hakuna ajali." Sijawahi kusikia mwanafunzi wangu yeyote akilieleza vizuri kuliko hivyo.

Sarafu za shilingi mia

Bado palikuwa na swali la Mama Salama: mbona wawili wa kwanza wazima? Siku ya kwanza nilimwambia "mmoja kati ya wanne", naye alielewa kwamba watatu wangetangulia wazima, wa nne ndiye awe mgonjwa. Juma ni wa tatu, hesabu haikumkubali.

Nikatoa sarafu mbili za shilingi mia. Upande wa ngao ukawa A, upande wa ng'ombe ukawa S. Moja akashika yeye, moja mumewe, maana siku hiyo tayari kila mmoja alikuwa amekubali mwenzake ayajue majibu yake: AS na AS. Mwili unapotengeneza yai au mbegu, kila jozi ya kromosomu hugawanyika, mtoto akapata moja tu kutoka kwa kila mzazi. Kurusha sarafu ni picha ya kweli ya jambo hilo kwa jeni moja. Wakarusha mara ishirini, mimi naandika. Ng'ombe wawili walitokea kwenye mrusho wa kwanza kabisa, kisha wakapotea mirusho sita, kisha wakaja mara mbili mfululizo. Mama Salama akaziangalia zile sarafu akasema, "Hazikumbuki." Ndivyo. Kila mimba ni mrusho mpya, na nafasi ya SS ni robo ileile, bila kujali waliotangulia.

Matokeo

Baba Salama hakwenda Kampala. Watoto wakubwa nao walipimwa kwa ombi la wazazi: msichana AS, mvulana AA. Juma alianzishiwa haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya selimundu, baada ya vipimo vya damu kukubali, na katika miezi tuliyomfuatilia hakulazwa tena kwa maumivu, ingawa alipata malaria mara moja.

Bibi, yaani mama yake Baba Salama, alikuja mwenyewe, bila kuitwa mara ya pili. Aliketi, akasikiliza habari ya AS anayebeba bila kuugua, kisha akasema aliwahi kuzika watoto wawili kabla Baba Salama hajazaliwa. Wote walivimba mikono wakiwa wachanga. Wote macho yao yalikuwa ya manjano. Walisemekana wameuawa na homa. Hatuna kipimo cha watoto wale wala hatuwezi kuwa nacho, na nilimwambia hivyo. Lakini neno "kwenye ukoo wetu haipo" hakulirudia. Nilimweleza kwamba aleli hii haina kabila la kuona haya: tangu 1949 watafiti Lehmann na Raper walikuta kwamba miongoni mwa Baamba wa magharibi mwa Uganda hadi asilimia 45 walikuwa wakiibeba.

Ndoa ipo. Siwezi kusema imepona. Mama Salama aliniambia, mumewe akiwa nje anamtafutia boda: "Herufi nimezielewa, musawo. Maneno aliyonitamkia bado yamekaa."

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa la lugha, na lilikuwa langu. "Ana jeni ya selimundu" ni usemi wa kila siku hospitalini na hata vitabuni, na kwa mtaalamu hauleti shida kwa kuwa yeye tayari anajua neno aleli. Kwa mzazi unaleta picha ya kitu kigeni kilichoingizwa ndani ya damu, kitu ambacho mmoja anacho na mwingine hana. Na pakishakuwa na kitu kilichoingizwa, patatafutwa aliyekiingiza. Siku hizi nasema: "Sote tuna jeni hii, toleo lako la pili ni S." Sentensi haijawa ndefu.

Kosa la pili ni mpangilio. Shuleni huanza na DNA, besi zake (zile kokoto A, T, G na C) na ngazi iliyosokotwa, tukapanda hadi kromosomu, na aleli huja wiki nyingine kabisa, kwenye mada ya urithi, kama kitu kisichohusiana. Mwanafunzi anaondoka na maneno manne yaliyokaa kwenye madaftari mawili. Uhusiano wenyewe ni mmoja: DNA ni kitu, kromosomu ni uzi mzima wa kitu hicho, jeni ni sehemu ya uzi, aleli ni namna sehemu hiyo ilivyoandikwa. Ndiyo maana swali la kumuuliza yeyote anayekuonyesha herufi ni: ya jeni gani, kwenye kromosomu ipi? Baada ya Jumapili ile, muuguzi mwanafunzi aliniuliza kama A ya kwenye GAG ndiyo A ya AA. Hiyo ni A ya tatu, jina la besi. Mahali pamoja A tatu, na sisi tunashangaa watu wakipotea.

Mfano wa barabara ulifanya kazi kwa sababu ulikuwa wake, lakini ulinishinda mahali pawili. Aliuliza, "Kwa hiyo barabara yangu moja ni mbovu?" Kwa dereva, barabara zikitofautiana lazima moja iwe na mashimo. Ilinibidi niuweke mfano kando nimweleze alichokionyesha mtafiti Allison mwaka 1954: mwenye AS ana kinga kubwa zaidi dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu S imebaki kwa wingi katika nchi yenye mbu kama yetu. Pengine Baba Salama yu hai kwa ajili ya aleli ileile.

Pia aliuliza kama barabara inaweza kukarabatiwa. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na kisha Marekani waliidhinisha tiba inayohariri DNA ya seli za uboho. Cha ajabu ni kwamba tiba hiyo haigusi kromosomu ya 11. Inazima swichi ya jeni iliyoko kromosomu ya 2, ambayo kazi yake ni kunyamazisha himoglobini ya kichanga, ile ambayo mtoto huzaliwa nayo. Himoglobini hiyo ndiyo iliyomlinda Juma hadi mikono ilipovimba. Bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2. Nilimwambia ukweli wote, pamoja na bei. Sikuona haki ya kumficha.

Jambo moja watu huliruka: majibu ya AS hayathibitishi kwamba Baba Salama ndiye aliyemzaa Juma. Yaliondoa tu sababu iliyomfanya ashuku. Kipimo cha ubaba husoma vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, mahali kama kumi na tano au zaidi kwenye kromosomu mbalimbali, na aghalabu si ndani ya zile sehemu za jeni zenye maagizo ya protini, maana sehemu hizo ni asilimia moja hadi mbili tu ya DNA yote. Nilimweleza hivyo wazi, na nikamwambia akitaka bado anaweza kwenda. Naamini kule kumwachia mlango wazi kulimtuliza kuliko mchoro wowote. Na kama majibu yake yangekuwa AA, tungeanza kwa kurudia vipimo, tukatafuta aleli nyingine kama za beta-thalasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa himoglobini, kabla mtu hajafungua mdomo.

Tulichochelewa kabisa ni dawa. Wiki tatu za ugomvi zilimgharimu Juma, asiyejua herufi hata moja. Tangu hapo tukimpata mtoto wa SS tunampa mama dawa za miezi miwili siku ya kwanza, na tunachukua namba ya simu ya shangazi au jirani mbali na ya mume.

Miezi kadhaa baadaye Baba Salama alipita kuchukua dawa akiwa safarini Jinja. Alipofungua pochi niliiona kadi ile. Kando ya A chanya alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu: 9. Chini yake, kwa mkono uleule: AS, 11.